Diski ya Sita

Ziko sita, ndogo, upana wa vifuniko vya chupa
za mchuzi wa plamu ambao dada yangu Makvala hupika kila Agosti.
Tano zimekubali.
Nimezilaza moja moja katikati ya sahani ya kompyuta,
nikabonyeza hadi zikalia tk,
nikanakili mafaili, nikayabadili jina la ukoo
mpaka programu ya kuhariri ikayatambua:
Tekle na jino la kwanza, Tekle na bata wa jirani,
Tekle akilia kwa kuwa theluji imemwishia mkononi.

Ya sita, kompyuta inasema: tupu.

Tupu vipi? Nimeigeuza chini ya taa.
Mgongoni ina pete mbili, ya ndani imekolea kidogo,
kama mstari ambao chai huuacha kikombeni.
Palipoungua panajulikana.

Fundi Anzori, pale karibu na soko la Kutaisi,
hakuihitaji hata miwani yake.
"Haikufungwa," alisema. "Kamera huandika, huandika,
na mwisho sharti mtu aiambie basi.
Asipoiambia, diski hukaa ikingoja.
Irudishe kwa iliyoiandika. Nyingine haitaiweza."

Iliyoiandika iko kwa Malkhazi.
Na Malkhazi, nyumbani kwetu, hatajwi.
Miaka kumi na sita ni "yule",
au, pakiwa na wageni, "upande wa pili".

Nikavuka Rioni kwa miguu,
diski kifuani, ndani ya bahasha ya vidonge vya presha.
Akafungua mlango na soksi tu. Hakuuliza.
Kamera ilikuwa juu ya friji, betri imefura kama andazi.
Waya wa umeme tuliufukua katika droo ya misumari,
na kioo kidogo kikawaka, kikidhani ni Januari mosi
ya mwaka ambao Tekle hajazaliwa.

Funga diski? Usizime. Usitikise.

Watu wazima wawili, mikono juu ya meza,
tukiogopa kukohoa.
Asilimia saba.
Maharage yakichemka jikoni.
Asilimia arobaini.
"Anaolewa lini?"
"Jumamosi ya tatu ya Oktoba."
"Mh."
Asilimia themanini na moja.
Akainuka kwa ncha za vidole akazima jiko,
isije sufuria ikaitetemesha meza.

Usiku huo huo faili likafunguka.
Zulia jekundu. Goti la Makvala, kijana, nywele ndefu.
Tekle anasimama, anayumba, anaachia goti,
hatua moja, mbili, anafikiri, tatu, nne,
anakuja moja kwa moja kwenye kioo
hadi pua yake inajaza chumba.
Na nyuma ya kamera, sauti isiyo na uso:
"Njoo, mama. Njoo, mama."

Kwetu neno mama maana yake ni baba,
na baba akimpenda mtoto humwita kwa cheo chake mwenyewe,
kana kwamba anamvua koti amvike.

Makvala alikuwa ameniagiza mapema:
sauti zote toa, weka piano.
Nikatoa. Nikatazama.
Mtoto anaachia goti la mama yake
na kuelekea pasipo mtu.
Anacheka na ukuta.
Nikairudisha ile sauti, mistari yake ya kijani ikasimama tena
kama majani yaliyokanyagwa, nikaweka wembe mwanzoni mwake,
kidole juu ya kitufe,
na hapo nikasikia taulo la vyombo likidondoka nyuma yangu.

Sijui alisimama pale tangu lini.
Hakuliokota.
"Irudishe," Makvala akasema. "Si hapo.
Kabla hajainuka. Kabla hajaniachia."